Gemu ya Mkononi Nyumbani Mwetu, na Deni la Anayefungwa



Wapenzi wasomaji, mara tatu katika miezi michache iliyopita akina mama wa darsa ya Jumamosi wametuuliza swali lile lile: Sheikh, kijana anataka ile gemu ya mkononi, tumnunulie au tumkataze? Swali kama hili aghalabu hujibiwa kwa neno moja, ama la kuharimisha au la kupuuza, na anayejibu mara nyingi hajawahi kukishika chombo chenyewe. Sisi tumekishika. Kimo nyumbani mwetu mwaka mmoja na miezi miwili sasa, hapa Jericho, Nairobi, na tumeona yafaa tuwaandikie tulivyokiona, kizuri chake na kibaya chake, kabla ya kufika kwenye hukumu.

Chombo chenyewe kinaitwa Nintendo Switch, na kilianza kuuzwa duniani Machi 2017. Urefu wake hauzidi rula ya shule. Katikati pana kioo cha inchi 6.2, na kila upande pana kishikio chenye vifungo. Vishikio hivyo huchomoka, kimoja akakichukua kaka na kingine dada, wakacheza wawili kwa kioo kimoja kilichosimamishwa mezani. Gemu zenyewe huja ndani ya kidude kidogo kuliko stempu ya barua, ambacho hutiwa upande wa juu. Akina mama wenye watoto wachanga watapenda kujua kwamba waliokitengeneza wamekipaka dawa chungu makusudi, ili mtoto akikitia kinywani akiteme. Mama watoto hakuyaamini maneno hayo mpaka alipokigusisha ulimi mwenyewe. Akaenda kusukutua mara mbili, na tangu siku hiyo husema kwamba waliofikiri hivyo walikuwa na mama zao nyumbani.

Kampuni yenyewe ina kisa. Ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata, zile karata za maua ambazo wacheza kamari wa nchi ile walizipenda sana. Mchezo na kamari, basi, walipangishana nyumba moja tangu zamani, na jambo hilo tutalirudia. Karibu karne moja baadaye alikuwamo katika kampuni hiyo fundi mmoja, Gunpei Yokoi. Inasimuliwa kwamba alikuwa ndani ya gari moshi la kasi akamwona mfanyakazi aliyechoka anajiliwaza kwa kubonyezabonyeza kikokotoo, ndipo akawaza kutengeneza mchezo wa kutia mfukoni. Wa kwanza ulitoka mwaka 1980. Mwaka 1989 akatoa Game Boy, chombo cha kioo kisicho na rangi kilichotumia betri nne ndogo. Wapinzani wake walikuja na vioo vya rangi vilivyomaliza betri kama moto unavyomaliza makuti, wakashindwa. Game Boy, pamoja na toleo lake la rangi lililofuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Wengi wetu pwani hatukuiona Game Boy. Tulichokiona ni kile kidude cha bei nafuu cha kupanga matofali, kilichouzwa kwenye meza za barabarani miaka ya 1990, na kilichoandikwa kwamba kina michezo elfu kadhaa ilhali michezo yenyewe haikuzidi vidole vya mikono. Mchezo ule wa matofali ulibuniwa Moscow katikati ya miaka ya 1980 na mtaalamu wa kompyuta, Alexey Pajitnov. Tunakumbuka mzee mmoja wa baraza la Mwembe Tayari aliyekuwa bingwa wa bao, akakishika kidude hicho siku moja baada ya Alasiri, na jioni ile bao lake likakaa bila kete. Wanaodhani kwamba mambo haya ni ya watoto wa leo wamesahau haraka.

Sasa tuwapeleke Jericho, kwa kuwa bila kuujua mtaa hamtafahamu kwa nini mwalimu wa chuo alinunua gemu.

Jericho ni mojawapo ya mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, unaofikiwa kwa barabara ya Jogoo. Jirani zake ni Maringo, Buruburu na mtaa mwingine uitwao Jerusalem, hata mgeni akielekezwa njia hudhani yumo katika visa vya manabii. Nyumba zake zilijengwa na baraza la jiji mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato cha chini. Ni nyumba ndogo. Nyumba iliyokadiriwa mtu na mkewe leo ina watoto watano na shangazi mmoja. Kwa hiyo mtoto wa Jericho hukulia nje. Zamani nje ilikuwa ni viwanja baina ya nyumba, na wenye miguu myepesi wakaenda Camp Toyoyo kuchezea mpira. Toyoyo ipo hadi leo, alhamdulillahi, lakini viwanja vidogo vimeliwa na vibanda. Ndani ya baadhi ya vibanda hivyo mna televisheni, benchi la mbao na mashine ya PlayStation.

Kibanda cha gemu hakina siri. Mwenyewe ni kijana anayejitafutia riziki, na hutoza shilingi kumi au ishirini kwa mechi moja ya mpira. Kukodisha mashine ni biashara halali kama kukodisha baiskeli. Shida haimo katika kodi. Shida imo katika desturi ambayo wazazi wengi hawaijui, nasi hatukuijua mpaka ilipotufikia mlangoni: anayefungwa ndiye anayelipa. Vijana wawili huketi, hucheza, na kodi ya wote wawili hubebwa na aliyeshindwa. Aliyeshinda huwa amecheza bure, na hubaki benchini kumngoja mwingine. Kijana hodari anaweza kukaa pale tangu saa tisa mpaka Magharibi asitoe hata shilingi.

Waulize vijana wenyewe, watakuambia hiyo si kamari. Kamari kwao ni ile ya simu, ya kubashiri mechi za Ulaya. Lakini kila mmoja wa wawili hao ameketi hali hajui kama atatoka na faida ya kodi ya mwenzake au na hasara ya kodi mbili, na kinachoamua ni matokeo ya mchezo. Hiyo ndiyo sura ya maisiri ambayo wanavyuoni wameieleza katika vitabu vya fiqhi. Wa madhehebu yetu ya Shafi walikwisha kulichambua jambo hili katika sataranji kabla hata ya umeme. Imamu Nawawi aliuona mchezo ule kuwa makuruhu, na akabainisha kwamba ukimpitisha mtu wakati wa swala, au ukichezwa kwa malipo baina ya wachezaji, huwa haramu. Tazameni vipimo alivyovishika: swala na mali. Hakusema lolote juu ya ubao wala kete.

Kuna wakati, baada ya Isha, sisi tukiwa bado msikitini, alipofika mlangoni kijana wa umri wa miaka ishirini hivi. Alimsalimu mama watoto kwa adabu, kisha akamwambia, "Mathe, kijana wako ana deni yangu." Deni lenyewe lilikuwa shilingi 460. Mwana wetu wa tatu, mwenye miaka kumi na minne na aliyekuwa amekwisha kuhifadhi juzuu nne, alikuwa akifungwa siku baada ya siku, na yule mkubwa akimlipia kodi kwa mwenye kibanda, akiandika nyuma ya daftari. Si kijana mbaya. Alikuwa anadai fedha alizozitoa mfukoni mwake.

Tuliporudi tulimkuta bado amesimama nje, mama watoto amempa chai akainywa hapo hapo kizingitini. Tulimwita mwanetu, tukakaa watatu, tukapiga hesabu. Kila mechi walicheza wawili, na kila mmoja aliitumia mashine nusu ya haki yake. Nusu ya kodi, shilingi 230, ni ujira wa kitu alichokitumia mwana wetu, nayo ni deni la kweli. Nusu ya pili ni ya yule aliyeshinda, na kufungwa hakumhamishii mtu deni la mwenzake. Tulimpa 230. Hakuridhika, na wala hatukutaraji aridhike kwa darsa ya dakika kumi, lakini alizipokea, akamgeukia mwanetu na kumwambia, "Basi tusicheze tena na wewe, wewe ni wa nusu." Jina hilo, Nusu, lilimganda mtaani kwa miezi.

Hapo ndipo shauri la kununua lilipoanza. Mpwa wetu afanyaye kazi Maskati alikuwa likizoni, na mkobani alikuwa na chombo hicho alichokitumia miaka mitatu. Alitaka shilingi 18,000. Tuseme ukweli wa hesabu, msije mkadhani tulinunua kwa ajili ya kubana matumizi. Kijana anayetumia shilingi ishirini kwa siku, siku tano kwa wiki, hutumia kiasi cha shilingi 5,200 kwa mwaka. Kwa bei tuliyoitoa, angekaa kibandani zaidi ya miaka mitatu. Kwa shilingi tupu, kibanda ni rahisi.

Mama watoto alipinga, na hoja zake zilikuwa nzito kuliko zetu. Alisema: kibandani mtoto anafukuzwa saa moja usiku, nyumbani nani atamfukuza? Akasema tena kwamba kibanda kina mlango, mtu akitaka kumtafuta mwanawe anajua pa kwenda, ila kitu cha mkononi huingia chini ya shuka. La tatu alilisema kwa sauti ya chini: wazazi wa wanafunzi wetu watakisikia, na watoto wa watu wataambiwa kwamba hata kwa mwalimu wanacheza. Tulikaa na hoja hizo wiki nzima. Ya tatu tuliamua kuibeba, kwa sababu mwalimu anayekataza asichokijua hadumu na heshima machoni pa vijana. Ya kwanza na ya pili hazikuwa na jibu ila kwa masharti, na masharti aliyatunga yeye.

Chombo ni cha nyumba, si cha mtoto yeyote. Hulala juu ya kabati la vyombo, na waya wa kuchajia hukaa ndani ya kijaluba chake mama watoto, pamoja na udi. Huchezewa sebuleni tu, macho ya watu yakiwepo. Siku za shule ni baina ya Alasiri na dakika kumi kabla ya Magharibi, baada ya chuo na kazi ya shule, na kwa zamu. Hakuna dau la aina yoyote, hata la kuosha vyombo. Sharti hili la mwisho watoto walilipigania sana. Walisema kuosha vyombo si mali. Tukawaambia kazi ina ujira, na ujira ni mali, na mwenye zamu ya vyombo ni mwenye zamu.

Nasi tulicheza. Ni lazima tuliseme kwa kuwa hakuna atakayetuuliza kwa uso mkavu. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa mbio za vigari, Mario Kart, wenye washindani kumi na wawili, tukamaliza wa kumi na mbili. Wa pili, wa kumi na mbili. Vidole gumba vya mtu wa miaka hamsini na kitu vimezoea tasbihi, havikuumbwa kwa vifungo vinne. Lakini tulilolionja pale lilitufundisha jambo ambalo hatukulipata kwa kuwatazama watoto mgongoni. Mchezo mzuri una mvuto wa "mara moja tu tena", na mvuto huo si uvivu wala utovu wa adabu. Umetengenezwa. Kila mzunguko huisha ukiwa umebakiwa na kidogo. Ukilijua hilo hutamwambia mtoto "acha sasa hivi" katikati ya mzunguko kisha ukashangaa anakasirika. Utamwambia "umalize huo, kisha basi", na aghalabu ataacha.

La adhana ndilo tulilolihofia kuliko yote, nalo ndilo lililotushangaza. Chombo hiki kina kitufe kimoja juu. Ukikibonyeza, mchezo hulala pale pale ulipofika, na ukikiamsha baada ya swala au baada ya siku mbili, unaukuta pale pale. Hakuna udhuru wa "nitapoteza". Ila, na hapa tunaomba akina mama wasikilize kwa makini, jambo hili ni kweli kwa michezo ya kucheza peke yako au na aliye kando yako. Ile inayochezwa kwa intaneti na watu wa mbali haisimami. Mwenzako yuko Manila au Dubai, hangoji swala yako, na ukiondoka umefungwa. Kwa hiyo nyumbani mwetu intaneti haikuunganishwa na chombo ila kwa haja, na kijana wetu alilichukia hilo kuliko masharti yote. Bado analichukia. Marafiki zake hukutana huko.

Kuna programu ya simu inayomwezesha mzazi kuweka kikomo cha dakika kwa siku na saa ya kulala, na kuona gemu gani ilichezwa na kwa muda gani. Ukitaka, programu hiyo huuzima mchezo muda ukifika. Haina malipo. Mama watoto aliitia simuni mwake, akaitumia miezi miwili, kisha akaiacha. Alisema inamfanya askari, na kwamba kijaluba cha udi kinamtosha. Hatumbishii, lakini kwa mama anayerudi kazini usiku, programu ile ni msaada mkubwa.

Faida ambayo hatukuitazamia ilimjia binti yetu wa miaka kumi na miwili. Kibandani hakuna msichana. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba wasiingie, lakini benchi lile ni la wavulana, na matusi yasemwayo pale hayamfai binti, wala hayamfai mvulana. Gemu ilikuwa ya kaka tu, na dada alikuwa mwenye kusimuliwa. Chombo kilipokaa sebuleni, ndani ya wiki tatu alikuwa anamshinda kaka yake mbio za vigari, na kaka akaanza kumheshimu kwa namna ambayo nasaha zetu za miaka hazikuileta. Siku moja alitusomea habari za Mkenya, Sylvia Gathoni, aliyesajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani iitwayo UYU kushindana katika mchezo wa Tekken. Tulimpongeza dada huyo kwa bidii yake. Tekken yenyewe ni mchezo wa ngumi na mateke, nasi hatuna haja nayo. Hapo mtasaidiwa na majalada: gemu ziuzwazo kwa soko la Ulaya huandikwa umri unaofaa, 3, 7, 12, 16 au 18. Muuzaji hatakuonyesha. Geuza jalada mwenyewe.

Na mama watoto? Mchezo wa matofali umo ndani, nao ndio autakao. Humwona akiwa na subira na mpangilio kuliko sisi sote, na alama zake hakuna mtoto aliyezifikia. Mama yetu mzazi alipokuja kututembelea kutoka Lamu alimtazama muda, akasema kwamba hiyo ni kazi ya kupanga sahani kabatini, ila mwenye kabati ana haraka.

Tuje kwenye milki, kwa kuwa neno "kununua" katika mambo haya lina mtego. Gemu iliyomo ndani ya kile kidude kichungu ni mali yako. Unaweza kumwazima jirani, kuitoa zawadi, kuiuza. Hapa Jericho zimo nyumba tatu zenye chombo kama chetu, nasi hubadilishana, kwa hiyo tuna gemu nne lakini watoto wameshacheza kumi na moja. Bei yetu ya mkono wa pili imekuwa kama shilingi 3,000 kwa moja, si kitu kidogo. Gemu inayopakuliwa kwa intaneti ni jambo jingine. Ulichokilipia ni ruhusa ya kuicheza kwa jina la akaunti yako. Huwezi kuiuza wala kumwachia mtu. Anayeuliza ipi bora kwa familia yenye watoto wengi, tumemjibu.

Kisha kuna gemu za bure, na hizi ndizo tunazoziogopa, ziwe katika chombo hiki au katika simu yako wewe unayesoma. Ni za bure mlangoni, na ndani mna duka. Mtoto huuziwa nguo za mchezaji, silaha, na vibaya zaidi masanduku ya bahati: unalipa kabla ya kujua kilichomo, na ndani huenda mna kitu cha thamani au takataka. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji, nchi isiyo ya Kiislamu, iliyatazama masanduku hayo ikayahukumu kuwa ni kamari chini ya sheria yao, na mwaka uliofuata kampuni ya EA ikaacha kuuza huko sarafu za mchezo wake wa mpira. Wao walifika kwa njia yao mahali ambapo fiqhi yetu ilikuwa imeketi. Mama mmoja wa mtaani kwetu aligundua mwisho wa mwezi kwamba mwanawe wa miaka tisa ametoa shilingi elfu mbili na mia saba kutoka simu yake, kidogo kidogo, kwa namba ya siri aliyomfundisha yeye mwenyewe ili amtume dukani. Badilisheni namba hizo, na msiziseme mbele ya watoto.

Wapo wanaouliza mpaka uko wapi baina ya kupenda na kutekwa. Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa gemu katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili wanazozitaja ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao juu ya madhara yanayoonekana, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi kumi na miwili. Kwa hiyo mtoto aliyecheza sana wiki ya likizo si mgonjwa. Lakini aliyeacha kula na nduguze, aliyeacha mpira, anayesinzia darasani muhula baada ya muhula, huyo aonwe na daktari pamoja na kuombewa dua. Mama asione haya.

Hatukusema kwamba mna ubaya katika mchezo wenyewe, na hatutasema. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsimamisha Bi Aisha akawatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao ndani ya msikiti, mpaka yeye mwenyewe akatosheka. Waliolelewa kudhani kwamba nyumba ya dini ni nyumba isiyocheka wana sira nyingine.

Mwana wetu bado huenda kibandani, siku za Jumamosi. Hatukumkataza, maana marafiki zake wako pale na mpira wa PlayStation hatunao. Kabla ya kumruhusu tulikwenda wenyewe kwa mwenye kibanda, kijana Mkristo mwenye heshima zake, tukamweleza habari ya nusu kwa nusu. Alitusikiliza huku anafunga nyaya, kisha akasema, "Sheikh, mimi nataka pesa yangu tu. Nani analipa si kazi yangu." Tukamuuliza kama atawakubalia wanaotaka kulipa nusu kila mmoja kabla ya mechi kuanza. Akasema kwake ni bora zaidi, kwani wanaofungwa ndio humkimbia.

Sasa hivi kuna kundi la vijana saba hivi, na si Waislamu watupu, wanaolipa nusu kabla ya kuketi. Wengine wangali wanafuata ile ya zamani, na yule mdai wetu wa shilingi 460 ni mmoja wao. Hutusalimu vizuri. Juma lililopita alitusimamisha karibu na soko la Jericho, akauliza kama ile nusu nyingine, ile tusiyomlipa, amdai nani.